Kudura na Maneno ya Kuachia

Kudura binti Muharami alikuja kwetu Kamunyonge, hapa Musoma, Jumamosi moja mchana, jua la kuchoma, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alikuwa ametoka Bunda kwa basi la asubuhi na hakukumbuka kuivua. Mimi nilikuwa uani napepeta mtama. Akapiga hodi, akasalimia vizuri, kisha akauliza:

"Dada, hapa ndipo kwa mwalimu anayefundisha watu wazima Kiingereza?"

"Ndipo. Karibu ukae. Mwalimu anaoga."

Mwalimu ni mume wangu, Bernado. Alifundisha Kiingereza sekondari mpaka nywele zikawa nyeupe, na alipostaafu akawa hajui aupeleke wapi mdomo wake. Alianza kwa kusahihisha redio. Akahamia kwa watoto wa jirani. Aliponifikia mimi nikamwambia, "Baba Hyasinta, tafuta wanafunzi, la sivyo narudi kwetu." Ndipo tukapanga mabenchi upenuni na watu wakaanza kuja kila Jumamosi. Alikuwepo Amini, dereva wa bodaboda wa Mwisenge, aliyetaka kuongea na watalii. Alikuwepo Debora, mhudumu wa wodi, aliyechoka kusimama kama nguzo madaktari wakizungumza. Na wengine waliokuja wakaacha. Kudura hakuacha.

Bernado alipotoka na shati lake la kunyooshwa, akamuuliza swali analowaulizaga wote: "Kiingereza unakitaka cha nini, mama?"

Kudura akajibu bila kufikiri, "Nataka kujua mwanangu ananitafsiria nini."

Tulicheka, naye akacheka, lakini alimaanisha.

Mambo yake yalikuwa hivi. Kudura ni fundi cherehani, anashona sare za shule na magauni kwenye chumba kidogo karibu na stendi ya Bunda. Ndoa yake haikudumu na hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kike, wamezaliwa na kukulia Butiama, baba yao akiwa seremala aliyekuja kutafuta maisha akayapata huko. Huyo mdogo wake aliolewa na mhandisi wa Zambia aliyekuja na watu wa barabara. Mwanamume akasilimu, wakaoana, wakamzaa Najat. Mkataba wa barabara ulipokwisha akatangulia kwao kutayarisha nyumba. Kabla hajawaita, mke akaugua akafa, mtoto bado anabebwa mgongoni.

Baba Najat alikuja akalia mpaka watu wakamwonea huruma. Wazee wa pande zote wakakaa, wakaona mtoto mchanga hawezi kwenda kulelewa na mwanamume mpweke nchi ya mbali. Akabaki kwa Kudura. Na tangu hapo Kudura ndiye Mama. Najat alilala kwenye mabaki ya vitambaa chini ya cherehani, akajifunza kutembea kwa kushika kiti cha mteja.

Baba yake hakupotea. Alipiga simu, alituma nguo, alikuja mara moja Najat akiwa darasa la nne. Baadaye akaoa kwao. Shida ilikuwa lugha. Kiswahili chake cha enzi za barabara kilikuwa cha "lete kokoto" na "chakula tayari", na hata hicho kilikuwa kimeota kutu. Najat alipofika sekondari akawa mkalimani.

"Anaongea, anaongea," Kudura akatuambia siku ile, mkono hewani kuonyesha urefu wa maneno. "Mwisho nauliza, Najat, baba yako anasemaje? Ananiambia, anakusalimia. Mwalimu, maneno yote yale ni salamu?"

Najat alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake yalikuwa mazuri. Simu za Lusaka ziliongezeka, na salamu zikazidi kuwa ndefu.

Kudura alisoma kama anavyoshona, haruki pindo. Akiwa kwenye basi alikuwa akinong'ona, "This is a sleeve, this is a collar," abiria wa pembeni wanamtazama. Neno akilisikia kwenye simu analiandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye pindo la sketi yake, na Jumamosi anakuja nalo. Matamshi yalimsumbua. Huku kwetu *l* na *r* zinabadilishanaga nafasi zenyewe, wala Bernado naye si mzima kwa hilo, ingawa hakubali.

Jumamosi moja akaingia hajasalimia, akainua pindo kidogo, akasoma.

"Mwalimu, *rerisi* ni nini?"

"*Release*," Bernado akasema, na nikaona macho yake yanawaka. "Nani amelisema?"

"Baba Najat, anamtaka mtoto akasome chuo kwao. Najat ameniambia ni kuachia. Nikamuuliza kuachia kupi? Akasema, Mama, kuachia ni kuachia."

Mume wangu hakuna kitu akipendacho kama hicho. Akasimama, akazunguka uani, akarudi na kuku wangu, tetea mwekundu aliyekuwa amefungwa kamba mguuni kwa sababu ya kwenda kutaga kwa watu.

"Baba Hyasinta," nikamwambia, "kuku wangu huyo."

"Ni wa somo kwa muda kidogo." Akamwinua mbele ya darasa. "Sasa. Sisi Kiswahili chetu kina *achia*, kinabeba mizigo yote. Mwingereza amegawa. Nikimshika kuku hivi halafu nikafumbua vidole, *I let go of the hen*. Nikimwacha aanguke chini pu, *I drop the hen*. Simwangushi, Mama Hyasinta, usinitazame hivyo. Nikifungua kamba, *I untie the hen*. Nikimwambia nenda, dunia ni yako, *I set the hen free*."

Amini akainua mkono. "Mwalimu, mimi abiria nam-*drop* kila siku Mwisenge na hajawahi kuvunjika."

"Vizuri! Abiria, *drop* ni kumshusha. Ndiyo raha ya lugha hiyo."

"Na sisi wodini," Debora akasema, "mgonjwa akiruhusiwa ni *discharge*."

"Safi. Na mfungwa akitoka, au samaki uliyemvua ukamrudisha ziwani, huyo ni *release*."

Kudura aliinua kichwa, chaki mkononi. "Kwa hiyo Najat ni mfungwa, au ni samaki?"

Hakuna aliyecheka. Bernado akaanza kueleza kwamba neno hilo linatumika pia ofisini, kwenye taratibu, halina ubaya, na katika kueleza akasahau mkono wake. Tetea akaona nafasi. Akapiga mbawa, akapita juu ya kichwa cha Amini, akaangukia ua wa jirani. Darasa zima likatoka mbio. Fundi wa Bunda ndiye aliyemkamata, amepiga magoti kwenye mchicha wa watu, kilemba kimedondoka, anacheka mpaka machozi.

Tulipotulia akauliza tena, sasa polepole. "Mwalimu, la mtoto ni lipi?"

Bernado akafikiri. Ni mtu wa maneno mengi lakini akiulizwa kwa dhati anajibu kwa dhati. "Ungesema *I let her go*. Namruhusu aende."

"Si ndilo lile la vidole?"

"Hapana. La vidole ni *let go of*. *I let go of her*, nimemwachia mkono, simshiki tena. *I let her go*, nimempa ruhusa ya safari. Tofauti ni hicho kineno kidogo, *of*."

Kudura akaviandika vyote viwili kwenye pindo, kimoja juu ya kingine, na akavitazama muda mrefu. Nilimsindikiza stendi. Njiani akaniambia: "Kineno kidogo hivyo, na kinabeba mtu mzima."

Tukawa marafiki. Nilipohitaji gauni la jubilei ya kigango chetu cha kanisa nikampelekea kitenge Bunda, na ndivyo nilivyokuwepo siku mambo yalipoharibika.

Nilikuwa nimesimama napimwa kiuno simu ya Lusaka ilipolia. Safari hii alikuwa mke wa Baba Najat. Walikuwa hawajawahi kuongea, yule mama na Kudura. Najat akaweka sauti ya nje. Sauti ilikuwa nzuri, ya mtu mpole, inaongea taratibu kwa makusudi ili ieleweke. Kudura akaitikia, "Yes. I am fine. Yes, madam," ameshika tepu kwa mikono miwili kama rozari. Uso ulikuwa unang'aa, kwa sababu alikuwa anaelewa. Alikuwa anaelewa mwenyewe!

Kisha yule mama akasema, na mimi nililisikia vizuri: "And thank you, my sister, for giving her up."

Uso wa Kudura ukazimika.

*Give up* tulikuwa tumelisoma wiki chache nyuma. Bernado aliliandika ubaoni: kukata tamaa, kuacha kabisa. Amini akatoa mfano, *I give up cigarettes*.

"No!" Kudura akapaza sauti. "No, madam! Me, no give up! Me, never!" Akabonyeza simu, ikakatika.

Najat akaruka. "Mama! Umefanya nini?"

"Amesema nimekukatia tamaa. Nimekuacha kama sigara."

"Hakumaanisha hivyo! Mama, Kiingereza chako ndicho kitaniua mimi!"

"Na chako ndicho kilichonifanya mjinga miaka yote hii!"

Msichana akatoka, akabamiza mlango. Kudura akarudi kunipima kiuno macho yakiwa mlangoni, na gauni lile mpaka leo linanibana upande mmoja. Sijalipeleka kurekebishwa.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Lusaka wakipiga, hapokei. Najat akawa anakula kwa shangazi wa rafiki yake. Bernado nilipomweleza hakumaliza ugali wake.

"Nilifundisha nusu," akawa anasema. "Kitenzi kile nilikifundisha nusu."

"Basi kavae koti twende Bunda," nikamwambia.

Tulimkuta anashona sare, hata hakuinua mguu kwenye pedeli tulipoingia. Bernado akakaa kwenye kiti cha wateja, koti limemkaza, akaeleza. Kwamba huko kwa wenye lugha yao, mtoto akikabidhiwa walezi wengine kwa moyo mwema, wanasema hivyo hivyo, *give up*. Kwamba ni kutoa kitu unachokipenda. Kwamba yule mama alikuwa anamshukuru kwa heshima kubwa.

Kudura akasimamisha cherehani. "Mwalimu, nimekuelewa. Hakunitukana. Lakini hata hicho sikukifanya. Mimi mtoto sijamtoa. Kuna neno gani la mtu ambaye mtoto anakwenda na yeye hajamtoa?"

Bernado akafungua vifungo vya koti, akanitazama mimi.

Kudura akanigeukia. "Wewe Hyasinta wako yuko Dodoma. Ulimwachiaje?"

Ningeweza kusema maneno ya kanisani. Nikamwambia kweli. "Sikumwachia, mwenzangu. Alipanda basi. Mimi nikarudi nyumbani nikapika chakula cha watu watatu, na nikaendelea hivyo hivyo wiki nzima."

Akainama juu ya kitambaa. Alilia bila sauti, na sisi tukakaa naye. Alipomaliza akajifuta kwa ule upande wa sare ambao ungekuwa ndani, nje usionekane. Fundi ni fundi.

"Nataka kwenda Butiama," akasema. "Nikamwambie mdogo wangu mwenyewe, kaburini. Utanisindikiza?"

Tulikwenda siku ya Alhamisi, Kudura, Najat na mimi. Wao wawili walikuwa hawajasemezana vizuri tangu siku ya simu, walikaa basini wakiniweka mimi katikati kama gunia. Kaburi liko nyuma ya nyumba ya zamani ya yule seremala, penye mihogo. Kudura akasoma dua yake, Najat akaitikia amina, mimi nikafanya ishara yangu ya msalaba kimyakimya. Halafu tukaanza kung'oa magugu, maana huwezi kukaa tu.

Tuking'oa, Kudura akaanza kuongea na mdogo wake kama yuko jikoni anasikia. Akamwambia mtoto amefaulu. Amekuwa mrefu, miguu ni ya babake, sketi zinashushwa pindo kila muhula. Huko kwa baba kuna chuo kizuri, na bibi mzee anayetaka kumwona kabla hajafumba macho. "Nami nakasirika bure," akamwambia. "Nadhani nakasirika kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Wanapanga, wanashukuru, wana-*release*. Hakuna aliyeniuliza: Kudura, wewe unaonaje?"

Najat akaacha kung'oa. Alikaa chini pale pale kwenye udongo.

"Mama. Walikuuliza."

"Nani?"

"Baba. Kila simu. Tangu nikiwa kidato cha tatu. Kila akimaliza kueleza habari za chuo alikuwa anasema, lakini ni mpaka mama yako akubali. Anasema, mwambie uamuzi ni wake, yeye ndiye aliyekulea, mimi siwezi kumwekea neno mdomoni." Alikuwa analia sasa. "Mimi nikawa nakuambia anakusalimia."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa. Niliogopa ukiulizwa utasema hapana. Na siku nyingine niliogopa utasema ndiyo."

Kudura akainuka akamsogelea. Kisha akampiga kibao cha bega, kibao kweli, halafu akamvuta akamkumbatia kwa mikono yake yenye udongo, na wote wawili wakawa wanalia na kucheka. Mimi nikaendelea na magugu. Yalikuwa mengi.

Walipotulia Kudura akajikung'uta. "Nipe hiyo simu. Usinitafsirie kitu. Ukifungua mdomo nakupiga cha pili."

Yule mama wa Lusaka akapokea. Kudura akasimama wima katikati ya mihogo, akavuta pumzi, na akasema Kiingereza kirefu kuliko chote alichowahi kusema. Nakumbuka kwa sababu baadaye Bernado alinilazimisha nimkaririe, akakiandika na hakusahihisha hata nukta.

"Madam, I am Kudura. Sorry for phone. My English is small. I not give up Najat. I not drop. I not release, she is not fish. I let her go. But I not let go *of* her. You hear the *of*?"

Tukadhani mtandao umekata. Kisha yule mama akasema, sauti imebadilika, "I hear it, my sister. I hear the *of*." Na akaongeza mambo mengine ambayo hatukuyashika yote, lakini Najat, ambaye alikuwa amekatazwa kutafsiri, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili na machozi yanapita katikati ya vidole.

Baba Najat alikuja mwenyewe kumchukua, mwezi uliofuata. Mwanamume mkubwa, kichwa kimeanza upara, aliingia kile chumba cha cherehani akiinama, na alipomwona Kudura akapiga goti moja kama wanavyoamkia wakubwa kwao. Kudura hakujua la kufanya na mtu aliyepiga goti, akachukua tepu akampima mabega. Kabla hajaondoka alikuwa amemshonea shati la kitenge. Walikaa siku kadhaa wakiongea, Kiingereza chake kidogo na Kiswahili cha kokoto cha yule bwana, na Najat alikatazwa kabisa kusaidia.

Siku ya safari tulikuwepo stendi, Bernado na koti lake, Amini aliyekuja na pikipiki kutoka Musoma kwa ajili hiyo tu. Kudura hakulia. Alikagua vifungo vya Najat kimoja kimoja, akavuta kola ikakaa sawa, akamwambia ale, aswali, asiache kitambaa cha kichwa kwenye basi. Gari lilipoondoka akabaki amesimama akilitazama mpaka likapinda. Nikamrudisha nyumbani, nikalala kwake siku mbili. Tulipika chakula kingi mno, tukakigawa kwa majirani.

Najat sasa yuko mwaka wa pili chuoni. Hesabu zilimtesa mwanzoni, akazishinda. Anapiga simu kila Ijumaa, na Kudura anaongea kwanza na yule mama mwenzake, nusu saa nzima, mambo ya bei za vitambaa na magonjwa ya miguu, Najat akisubiri zamu yake.

Idi iliyopita walikuja wote Bunda, pamoja na bibi mzee. Nilialikwa pilau. Ikaonekana kwamba bibi Kiingereza hakijui hata kidogo, anasema Kibemba tu. Kudura alishika kichwa: miaka yote ile ya Jumamosi! Lakini alipogeuka kutafuta mtu wa kumtafsiria, bibi alikuwa ameshajisogezea mkeka jikoni, amechukua kisu, anamparua sato magamba huku akiongea bila kusimama. Kudura akaketi mbele yake na kitunguu, akamjibu kwa Kiswahili. Wakaendelea hivyo mpaka samaki akaiva, kila mmoja na chake, na sikuona mahali waliposhindwa kuelewana.

Bernado alivuta kiti akakaa mlangoni, anasikiliza.

"Mama Hyasinta," akaninong'oneza, "hivi kitunguu kwa Kibemba wanaitaje?"

"Kamuulize," nikamwambia, na akaenda.